Kiti Chekundu cha Kipara

Kile kiti nilikitambua kabla sijamtambua mtu yeyote pale msibani. Kilikuwa upenuni mwa nyumba ya Lutengano, Mdandu, kimeegemea ukuta, ngozi yake nyekundu imepauka hadi kufanana na udongo, na pale ilipopasuka pameshonewa kipande cha gunia. Nilifika wakiwa wameshamzika mwenye nyumba. Habari zilinifikia Makambako zimechelewa, nami kwa umri wangu huu siendi mahali upesi. Wanaume walikuwa wamezunguka moto, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na juu ya kile kiti, peke yake, amejifunika blanketi la kijivu, alikaa Damari, mdogo wake marehemu. Nikamsogelea. "Kamwene," nikasema. "Kamwene," akajibu, akaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, kwa heshima anayopewa rafiki wa kaka. Heshima ile ndiyo iliyonichoma.

Chakula kilipoletwa, binti mmoja, mjukuu wa marehemu, alipita na birika la maji ya kunawa. Alipofika kwa Damari, bibi yule aliinua tu kiganja, na binti akapita bila kubembeleza, kama mtu anayeruka shimo analolijua. Alipofika kwangu akaona ninavyotazama. "Usimshangae, babu," akasema kwa sauti ya chini. "Bibi Damari hali katika nyumba hii. Hata maji huja nayo mwenyewe." Nikamuuliza tangu lini. "Sisi tumezaliwa tukakuta hivyo. Babu Lutengano alikuwa akimtengea sahani kila alipokuja, na kila mara iliondolewa ilivyo. Wakubwa wanasema ni mambo ya gari." Nami, mzee mzima, na mikono imelowa maji, nikamuuliza mtoto yule, "Gari gani?" kana kwamba sikujua.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi nikapata ukarani wa stoo katika gereji moja ya Njombe, na Lutengano alikuwa anajifunza ufundi hapohapo. Tulilala chumba kimoja nyuma ya gereji, chumba cha mabati tulichokibandika magazeti kwa uji wa unga ili upepo usitupate. Haukukosa kutupata. Chumba kilinuka grisi, maharage na makaa, na kwa kuwa jiko letu lilikuwa debe lililotobolewa, kila tulichopika kilikuwa na ladha ya moshi: viazi vya moshi, ugali wa moshi, hata chai. Sijawahi tangu hapo kula viazi vyenye utamu kama vile vya mviringo tulivyovichoma kwenye majivu, tukavipasua kwa bisibisi na kuvitia chumvi. Na asubuhi, kabla ya kutoka chini ya blanketi, tulikuwa na mchezo wetu. Magari yalipanda kilima kuja mjini, na sisi tulitaja majina yao kwa mlio.

"Hilo?" angeuliza Lutengano.

"Bedfodi ya misheni."

"Ya misheni, ndiyo, lakini dereva ni mgeni. Yule mzee habadilishi gia pale kwenye kona. Na hilo?"

"Landrova ya Bwana Shamba."

"Leo amegombana na mkewe. Sikiliza anavyoikamua."

Nilikuwa nikishindwa mara nyingi, kwa sababu mimi nilisikia gari naye alisikia mtu. Kulikuwa na Moris ya mganga wa serikali yenye ubavu wa mbao, iliyokohoa kama mzee anayetaka kufunguliwa mlango. Kulikuwa na Shevuleti ya kubebea magome ya miwati, iliyoacha harufu ya magome barabara nzima. Nimepanda magari mengi maishani, mengine ya thamani kubwa, lakini nikiulizwa ni gari gani nalipenda, moyo unakwenda kwa yale niliyoyasikia nikiwa nimelala kabla sijayaona.

Nyuma ya gereji kulikuwa na gofu la Fodi ya setla mmoja, limekaa mpaka nyasi zimeota pale miguu inapokaa. Mwenye gereji, Bwana Hirji, alituambia tuliondoe kabla nyoka hawajaligeuza nyumba. Tuliliondoa, lakini kwa namna yetu. Lutengano aliifungua injini yote juu ya turubai, akakiosha kila chuma kwa mafuta ya taa, akaazima kipande hapa na pale kutoka kwenye lori lililopinduka. Paa lilikuwa limeoza, tukalikata. Milango tukaing'oa ili gari liwe jepesi. Nyuma tulitandika mbao, na juu ya mbao tukafunga kwa kamba kiti kirefu cha ngozi nyekundu, kilichobaki kwenye gari jingine la kizungu. Bomba la moshi tulilikata fupi kwa makusudi, hivyo gari liliponguruma, mbwa wa Njombe nzima walijibu. Watu walipoona halina paa waliliita Kipara, na tangu siku ile hatukulitaja tena kama chombo. Tulisema Kipara amekasirika, Kipara ana njaa. Tulikuwa na umri ambao kijana anahitaji kitu cha kujisifia, nasi tulikuwa naye.

Sasa lazima nieleze jambo moja la Njombe, maana bila hilo hakuna kisa. Kuanzia Juni sakitu huanguka pale. Asubuhi nyasi huwa nyeupe na maji kwenye ndoo huvaa ngozi ya barafu. Kwa hiyo kila mwenye gari alikuwa na kazi mbili: jioni afungue koki chini ya rejeta amwage maji yote, yasije yakaganda na kuipasua, na asubuhi achemshe maji mengine, alinyweshe gari yakiwa ya moto, ndipo apige hendeli. Kwa Kipara kazi hiyo ilikuwa yangu. Mto ulikuwa chini bondeni, na kupanda na debe la maji alfajiri, vidole vimekufa ganzi, ilikuwa adhabu. Nami nilikuwa msomi. Niliwahi kumwona mwalimu wetu wa sayansi akituonyesha kwamba pombe haigandi upesi kama maji, na jambo hilo nilikuwa nimelihifadhi kichwani kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba.

"Tumtie ulanzi," nikamwambia Lutengano, nikionyesha upande wa vilabu vya pombe ya mianzi.

Alicheka mpaka akaweka spana chini. "Wewe umetumwa na nani?"

"Na darasa la kumi. Ulanzi uliochacha, mkangafu, ni pombe kali. Tukiujaza kwenye rejeta, hatumwagi jioni wala hatuchoti asubuhi. Atalala ameshiba."

"Ulanzi una utamu wake, Nehemia. Utamu ukipikwa unanata."

"Ulanzi ukishakuwa mkangafu utamu umekwisha. Ni mambo ya kisomo hayo."

Aliokota spana yake. Yeye alikuwa ameishia darasa la nne, na kati yetu neno kisomo lilikuwa kama nyundo. Nililitumia nilipokosa hoja. Ulikuwa mwisho wa msimu, mianzi imeshaanza kukauka, lakini mama mmoja mwenye kilabu nyuma ya soko alikuwa na mkangafu mkali uliokaa siku nyingi. Alipoona tunachukua debe zima alituuliza kama tuna harusi. "Tuna mgeni," Lutengano akamjibu. "Anakunywa kupitia kichwani." Yule mama alipolijua jambo lenyewe alilitangaza kilabuni, na kufikia jioni mji wote ulikuwa unajua. Dereva wa basi la Songea alisimamisha abiria wake kando yetu kwa ajili ya kuuliza tu, "Huyo Kipara wenu, akilewa anaimba?" Tulicheka pamoja nao. Na kweli, asubuhi sakitu ilianguka, maji ya ndoo yakaganda, na Kipara hakuganda. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikitazama wenzangu wa magari mengine wakipanda kutoka mtoni na madebe. Nilijiona mkubwa sana.

Ilichukua majuma. Kwanza ilikuwa harufu tu, harufu ya kilabu iliyotufuata kokote. Kisha Kipara akaanza kupata joto milimani. Ijumaa moja Lutengano aliingiza kijiti kwenye mdomo wa rejeta, akakitoa kimepakwa ute wa kahawia kama asali iliyoungua. Akaunusa, akaniletea niunuse na mimi. "Inaziba," akasema. "Kesho tusiende popote. Tuifungue tuisafishe na maji ya moto na magadi, turudi kwenye maji ya mto kama watu wote." Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo tulikuwa tumeahidiana mashindano Lyamkena na Saidi, mtoto wa mwenye duka wa Makambako, aliyekuwa na pikapu ya baba yake. Nilimwambia tutaisafisha Jumatatu. Akasema Kipara hatafika Jumatatu. Nikasema, "Basi sema unamwogopa Saidi." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Lyamkena siku zile palikuwa uwanda wa nyasi na njia iliyonyooka. Saidi alitupokea amekaa juu ya boneti, anatafuna muwa. "Mmekuja na karai?" akauliza. "Karai hili ndilo litakalokuogesha vumbi," nikamjibu, na vijana wakapiga miluzi. Tulishinda. Sitasema hatukufurahi, nimeishi miaka mingi na sijapata tena furaha ya namna ile, upepo umejaa kinywani, Lutengano ameinama juu ya usukani, nami nimesimama juu ya kiti chekundu nikimpungia Saidi mkono. Tuliposimama mvuke ulitoka mbele kama chungu kinachofurika. Lutengano hakushangilia. Aliweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha pale mpaka joto likamshinda. Akasema, "Umeona?" Halafu tukaenda Mdandu taratibu, tukipumzika kila kilima, kula Jumapili kwa mama yake.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wa kanisa. Ulanzi haukuingia humo hata kwa mgeni, na Lutengano aliegesha Kipara mbali, upande upepo unakokwenda, ili mama asinuse. Damari alikuwa pale, amerudi kwao kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa manamba katika katani za Tanga. Nakumbuka usiku ule tulikula ugali na kunde, na Damari akatutania kwamba mtoto akiwa wa kiume atamwita Kipara, maana naye atazaliwa bila nywele. Uchungu ulimwanza alfajiri. Watu walikuwa hawajatoka kanisani bado, na sauti iliyotoka chumbani ilikuwa imeshabadilika. Mkunga wa kijiji alitoka nje akifuta mikono, akamwambia mama, "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali, Ilembula." Mama akamgeukia mwanawe. Hakuuliza kama gari linaweza. Kwake yeye, mwanawe alikuwa na gari, na Mungu alikuwa amempa gari kwa ajili ya siku hiyo.

Tulimlaza Damari kwenye kiti chekundu, mama amepiga magoti kando yake kwenye mbao. Kipara aliwaka mara moja. Tulishuka vizuri, injini imezimwa kwenye mteremko ili ipumue, tukavuka daraja la miti, tukaanza kupanda. Katikati ya kilima mvuke ukatokea. Niliruka na kopo la maji ya mtoni, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa shati langu, nikamimina. Maji hayakushuka. Yalirudi usoni kwangu yamechemka, ya kahawia, na harufu ya ulanzi ulioungua ikajaa njia nzima. Nyuma yangu nilimsikia mama akisema, bila hasira bado, kama mtu anayeuliza njia, "Mbona gari linanuka kilabu?"  Lutengano alijaribu kusonga mbele kidogo tena. Kikasikika chuma kikiuma chuma, kisha kimya. Alipiga hendeli. Haikuzunguka. Alining'inia juu yake kwa uzito wake wote, na haikuzunguka.

Wanaume wawili walikuwa wakitoka ibadani, vitabu vya nyimbo kwapani. Walituona wakaja mbio. Tulikata kamba za kiti, tukakiinua na Damari juu yake, kila mtu na pembe yake begani, tukapanda. Hatukuwa tumefika mbali mama alipotuambia, "Shusheni." Tulimshusha kando ya njia, kwenye nyasi, nasi wanaume tukasogea na kugeuza migongo kama inavyotakiwa, tukatazama bonde. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Chini yetu Kipara alikuwa anapoa, na chuma kinapopoa hulia, tik, tik, kwa nafasi. Nilikuwa nasubiri sauti moja tu, kilio cha mtoto, na nilichosikia kilikuwa ile tik. Naisikia mpaka leo gari lolote linapozimwa karibu nami. Wanangu wameshazoea kuniona nikitoka haraka mahali penye gari lililosimama sasa hivi, wanadhani ni harufu ya mafuta.

Mama alikuja akasimama mbele yetu. Alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwa, amefungia kitu kidogo ndani yake, amekipakata. "Sasa niambieni," akasema. "Nani alitia pombe kwenye gari?"

Damari alikuwa macho. Alikuwa amelala kwenye kiti kile, uso umetuelekea, anasikia. Nilifungua kinywa. Nakumbuka kwamba nilikifungua. Lutengano akasema, "Mimi, mama." Mama akamwambia mwanawe, "Mlevi asiyekunywa," akageuka. Na kinywa changu, kilichokuwa wazi, nikakifunga.

Damari alifika Ilembula mabegani mwetu, na pale walimwokoa. Hakupata mtoto mwingine. Mumewe aliporudi kutoka Tanga alikaa kidogo, akaondoka tena. Kipara aliachwa pale kilimani, na watu wakamgawana; ringi yake moja ikawa kengele ya shule, na kwa miaka watoto wa upande ule waliingia darasani kwa sauti yake. Kiti tu ndicho Lutengano alikirudia. Alikibeba mgongoni kutoka Ilembula mpaka nyumbani, hakukubali kusaidiwa. Hakurudi gereji tena. Yeye aliyesikia mtu ndani ya mlio alilima viazi mpaka alipokufa, na mimi niliyesikia vyuma tu nilipanda cheo katika ofisi za usafirishaji, Mbeya na kwingine. Tulionana mara chache. Siku moja, sote tumeshakuwa na mvi, tulikunywa chai Makambako, na katikati ya maongezi ya mbolea akaniuliza, "Unaukumbuka mlio wake?" Nikasema naukumbuka. Akatikisa kichwa, akaongeza sukari. Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikaagiza maandazi.

Kila mwaka mvua zikianza, watu hukata mianzi na kukinga ulanzi, na nchi yote, kutoka Njombe mpaka Makambako, hunuka. Hakuna pa kukimbilia. Wengine hufurahi msimu huo. Mimi hufunga madirisha.

Basi pale msibani niliacha sahani yangu, nikasimama, nikaenda mpaka penye kile kiti. Nilimwambia Damari yote, kama nilivyoandika hapa, kuanzia sayansi ya darasani mpaka kinywa nilichokifunga. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na baadhi ya waliokaa karibu walisikia, sikujali. Nilidhani nikimaliza nitakuwa mwepesi.  Damari alikuwa akipitisha kidole kwenye mshono wa gunia, kwenda na kurudi.

"Alikuwa akinitengea sahani," akasema mwishowe. "Kila nilipokuja. Alikuwa anaifunika kwa sahani nyingine ili isipoe."

Kidole kikafika mwisho wa mshono, kikarudi.

"Jumapili iliyopita nilikuwa hapa," akaendelea. "Alikuwa hawezi kusema, lakini alikuwa anasikia. Ungekuja Jumapili iliyopita, Nehemia."

Halafu akamwita yule binti. Binti akaja, akainama. "Nipe maji ninawe," Damari akasema. Binti alinitazama mimi, akamtazama bibi, akaenda mbio. Wanawake kwenye mikeka waligeuka. Akaletewa maji, akanawa. Akaletewa ugali na maharage, ugali wa unga wa nyumba ile, na mbele ya watu wote akamega tonge la kwanza. Lilimshinda kumeza. Akalishusha kwa maji, akamega jingine. Alikula akiwa ameelekea kwenye udongo mpya wa kaburi, pole pole, kama anayelipa deni, mpaka sahani ikabaki tupu. Kiti kile ni kirefu, kilitosha watu watatu. Hakunikaribisha, nami sikukaa.